Nusu Dawa, Nusu Maji

Mtoto wa Mhoja na Sabina alizaliwa saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha, na hakulia.

Mhoja alikuwa amesimama nje ya chumba cha upasuaji na beseni, kanga tatu na pamba, kama alivyoagizwa, akisubiri sauti. Wanaume wawili waliokuwa pale pamoja naye walikwisha kuzisikia sauti za watoto wao na kuondoka wakipiga simu. Yeye alisikia mlango ukifunguliwa kwa nguvu na viatu vikikimbia. Muuguzi akampita amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cha kijani, wala hakumtazama. Mhoja akamfuata hatua tano, akaambiwa asimame. Akasimama, beseni mkononi.

Walimpulizia mtoto hewa kwa mpira muda mrefu. Alipoanza kupumua mwenyewe aliguna kidogo, kama mtu mzima aliyechoka, akanyamaza tena. Baadaye mguu wake mmoja ukaanza kwenda mbele na nyuma kama mguu wa fundi anayekanyaga cherehani. Wakampa dawa ya kuutuliza. Hayo yote Mhoja hakuyaona. Aliyasikia saa tano, alipoitwa kwenye chumba kidogo chenye meza, viti viwili na kalenda ya mwaka uliopita.

Aliyemwita alikuwa Sista Rebeka, muuguzi wa makamo mwenye sauti ya upole iliyozoea kurudia maneno. Alimweleza kwamba kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati. Mama alipoteza damu nyingi, na mtoto akakosa hewa tumboni. Mama atapona, sasa hivi amelala kwa dawa ya usingizi na anaongezewa damu. Mtoto naye yu hai, ila ubongo umeumia, na kwa saa na siku zinazokuja unaweza kuendelea kuumia. Kisha akasukuma mbele yake karatasi zilizobanwa pamoja, kurasa saba, akasema hospitali ina utafiti. Kuna dawa ambayo kazi yake inayojulikana ni kuuamsha mwili utengeneze damu. Wataalamu wameona dalili kwamba inaweza pia kuukinga ubongo wa mtoto aliyekosa hewa. Inaweza. Ndiyo maana wanachunguza.

Mhoja alikuwa mtu wa kinuni. Kazi yake huko Nyakato ilikuwa kusimamia mashine inayokamua mbegu za pamba, na alizoea mambo yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea: mbegu huku, mafuta kule, mashudu chini. Haya aliyoambiwa hayakuwa na milango.

"Sista," alisema, "aliyepoteza damu ni mama yake. Mtoto amekosa hewa. Mbona dawa ya damu inakwenda kwa mtoto?"

Sista Rebeka akaanza upya. Akaeleza, Mhoja akaitikia kwa kichwa. Akaongeza kwamba watoto wamegawanywa katika makundi mawili kwa bahati, nusu kwa nusu. Kundi moja hupata dawa hiyo, sindano tano kwa siku tano. Kundi la pili hupata maji ya chumvi yasiyo na dawa, nayo sindano tano. Bomba ni lile lile, rangi ni ile ile. Wote hupata matibabu mengine ya kawaida sawasawa. Akikataa, mtoto hatanyimwa kitu. Akikubali, sindano ya kwanza inatakiwa ichomwe kabla ya saa nane mchana.

"Sasa niambie kwa maneno yako mwenyewe umeelewa nini," alisema, kalamu mkononi. "Ni utaratibu tu, baba."

Mhoja hakuwa ameulizwa swali la namna hiyo tangu darasa la saba. Akasema mtoto atapigwa sindano ya damu. Sista akatikisa kichwa: si damu. Akasema mtoto atapewa dawa ya ubongo. Sista akatikisa tena, kwa upole ule ule: huenda atapewa, huenda hatapewa. Mlangoni kijana wa usafi alikuwa ameegemea fagio lake, akisubiri wamalize apige deki. Mhoja akahisi masikio yake yakipata moto. Mara ya tatu alirudia maneno yote kama alivyoyasikia, moja baada ya jingine, na sista akaweka alama ya vema kwenye kiboksi.

Kabla ya kusaini alifunua ukurasa wa kwanza ili aonekane anasoma. Hapo akaliona jina la dawa, refu, lenye kigugumizi, na akashtuka kwa sababu alilijua. Liliandikwa kwenye boksi dogo jeupe ndani ya friji ya mwenye nyumba wake, Igoma.

Akasaini.

*

Mama yake, Justa, alifika kutoka Magu Ijumaa asubuhi na kikapu cha viazi na kuku aliyefungwa miguu, ambaye mlinzi wa geti alimkatalia kuingia naye. Alipokwisha kumwona Sabina, aliyekuwa amekaa kitandani amepauka na maziwa yakimvuja, alimvuta mwanawe hadi kwenye benchi la nje na kutaka kujua mjukuu wake anapewa nini.

Mhoja alieleza. Aliyaona maneno yakigeuka mdomoni mwake hata kabla hayajamfikia mama. Justa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama dawa hiyo si ndiyo anayochomwa yule mama mwenye nyumba wake, mgonjwa wa figo. Mhoja akakubali kwamba ndiyo.

"Kwa hiyo mtoto wako ana figo mbovu?"

"Hapana, mama."

"Ana upungufu wa damu?"

"Hapana."

"Na huenda hiyo dawa yenyewe hapewi. Huenda anachomwa maji."

"Ndivyo walivyosema."

Justa akafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Alisema kwao hata ndama hakuchezewa bahati nasibu. Akiumwa, alipewa dawa au aliachwa. Kisha akauliza Sabina amesemaje kuhusu kusaini huko. Mhoja akasema alikuwa amelala. Mama yake akainuka, akarudi wadini kwa Sabina.

Tangu hapo Mhoja aliibeba ile nusu kichwani. Kama mtoto yuko kwenye kundi la dawa, vema. Na kama hayuko? Siku tano za kuuokoa ubongo zitapita akichomwa maji, na yeye baba anajua dawa iko wapi. Alimwuliza muuguzi wa zamu, akajibiwa kwamba hata wao hawajui. Sindano huandaliwa na mtu mwingine nyuma ya mlango uliofungwa. Alimwuliza Daktari Iqbal, mwenye utafiti, aliyekuwa akipita ameshika faili. Naye akasema hajui. Mhoja akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemwacha mwenzake na uongo wake. Daktari mzima, dawa ni yake, mgonjwa ni wake, na hajui?

Basi saa saba mchana alikwenda Igoma.

*

Fadhila, mwenye nyumba wake, alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitano, fundi wa kushona sare za shule. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, na kila Jumamosi alichomwa sindano yake ya kuongeza damu, kwa kuwa figo zilizokufa, aliwahi kumweleza Mhoja, haziukumbushi tena mwili kutengeneza damu. Sindano hizo alipewa nne nne kwa mwezi, akazitunza mwenyewe. Umeme ulipokatika, Mhoja ndiye aliyekimbilia barafu.

Alimkuta amekaa kwenye cherehani, amepumzika katikati ya mshono. Akamwamkia, akampa habari. Fadhila alilia kidogo, akapangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha sare. Mhoja aliendelea kueleza kuhusu makundi mawili, maji ya chumvi, siku tano, ubongo. Alieleza vizuri kuliko alivyomweleza mama yake, na alipomaliza hakuondoka.

"Sema unachotaka, Mhoja," alisema Fadhila. "Usiitazame friji. Nitazame mimi."

Mhoja akasema.

Fadhila alikuwa na sindano moja tu iliyobaki, ya kesho. Nyingine alitegemea kuzipata mwanzo wa mwezi, baada ya wiki mbili. Alijua mwenyewe maana yake: pumzi ya kutoka cherehani hadi mlangoni ingekuwa safari. Akamwuliza kama amezungumza na madaktari kuhusu jambo hilo. Mhoja akasema atazungumza nao. Akamwuliza mtoto ana uzito gani. Mhoja akasema kilo mbili na nusu, na hakuelewa kwa nini ameulizwa. Labda Fadhila naye hakujua vizuri kwa nini aliuliza, maana hakuendelea. Aliinuka, akashika ukuta, akafungua friji.

"Sijawahi kupata mtoto," alisema akimkabidhi boksi. "Nenda kabla sijafikiri."

Mhoja aliliweka kwenye chupa ya chai iliyojaa vipande vya barafu. Hospitalini, saa za kuona wagonjwa zilikuwa bado, akakaa nje ya geti pamoja na watu wengine. Geti lilipofunguliwa aliona walinzi wanafungua kila chupa na kunusa, kwa kuwa wiki iliyopita mtu alimpelekea mgonjwa gongo. Mhoja akajitenga kando, akalitoa boksi, akachomoa bomba la sindano na kulisokomeza mfuko wa shati, upande wa moyo. Mlinzi alinusa barafu yake, akaimwaga chini yote, akamwuliza kama mkewe anauza juisi. Watu walicheka. Mhoja naye akacheka, akapita.

*

Chumba cha watoto wachanga kilikuwa na joto. Akina mama walikaa kwenye mabenchi wamevaa magauni ya hospitali, wakikamua maziwa kwenye vikombe vya plastiki. Sabina alikuwa ameshushwa kutoka wadini kwa kiti cha magurudumu. Mtoto wao alilala chali, mpira mwembamba puani, na mkononi plasta nyeupe iliyoshikilia kibomba cha kupitishia dawa. Hakuwa akilia. Watoto wengine walilia na mama zao wakawabembeleza. Sabina alikuwa anawatazama mama hao kwa wivu.

Muuguzi alitoka kupokea simu. Mhoja alikuwa amewachoma ndama wengi wa baba yake kule Magu, na kibomba kile kilikuwa wazi mbele yake, kazi ya kufumba na kufumbua. Akatoa sindano mfukoni. Mikono yake ilitulia.

Sabina akakishika kiwiko chake. Hakupaza sauti.

"Ni nini hicho?"

Akamweleza kwa haraka: dawa ile ile, ya dada Fadhila, ili wasibaki na nusu.

"Una hakika itamsaidia?"

"Sijui."

"Una hakika haimo mwilini mwake tayari?"

"Sijui, Sabina. Lakini hata wao hawajui. Wote hapa hawajui."

Sabina alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye. Midomo yake ilikuwa bado haina rangi.

"Hiyo 'sijui' ya kwao wameiandika," alisema. "Wanampima kila saa, wanaandika. Akibadilika wataona. Hiyo 'sijui' yako wewe itaandikwa wapi? Akifa leo jioni, nitamwuliza nani?"

Mhoja alilitazama lile bomba, ambalo sasa lilikuwa na joto kama kidole. Sabina akaongeza kwamba karatasi zile Mhoja alizisaini peke yake, na kwa hilo hakumlaumu kwa sababu yeye Sabina alikuwa mahututi. Hili hatalifanya peke yake. Na akamwambia akamtafute sista, amweleze mwenyewe.

Alimkuta Sista Rebeka kwenye chumba kile cha meza na viti viwili. Akaiweka sindano mezani. Sista aliyasoma maandishi yake, akaketi. Alisema ile ni dozi ya mtu mzima. Alisema kama mtoto amekwisha kupata dawa ya utafiti, kumwongezea hiyo kungeweza kuifanya damu yake iwe nzito mpaka igande mahali isipotakiwa, hata kwenye ubongo wenyewe. Alisema hayo bila kugomba, huku akiandika, na Mhoja alitamani agombe. Akamwuliza kama ni lazima aandike.

"Lazima, baba. Nisipoandika, halikutokea. Na lingetokea."

Daktari Iqbal aliitwa. Safari hii alivuta kiti, akakaa goti kwa goti na Mhoja, akamwambia kwamba kutojua kwake si uongo. Orodha iko kwa mtu mmoja nje ya hospitali, imefungwa. Daktari akijua nani kapata dawa, atamwangalia huyo kwa jicho la matumaini, na yule wa maji atamwangalia kwa jicho jingine, na mwisho wa yote hawatajua kama dawa ilifaa au ni macho yao tu. Mhoja alisikiliza. Alielewa kila neno. Yalipojikusanya pamoja, ukungu ukarudi pale pale.

"Kwa hiyo mtoto wangu anawasaidia ninyi mjue," alisema polepole.

"Huenda naye anasaidika. Sikuahidi hilo."

Tangu siku ile, kila alipoingia, mlinzi alimpapasa mifuko mlangoni pa wadi, mbele ya baba wengine, na mama wakawa wanavuta vikapu vyao karibu.

*

Sindano ya Fadhila, aliyorudishiwa na sista, haikufaa tena. Joto la kifua cha Mhoja lilikuwa limeiharibu. Alipomrudishia, alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba radhi. Fadhila akaipokea, akaitumbukiza kwenye kopo la taka. Mhoja akasema atamtafutia nyingine, atalipa.

"Nilikupa, sikukukopesha," alisema Fadhila. "Mtoto hakuchomwa?"

"Hakuchomwa."

"Alhamdulillahi," alisema, akakaa chini ghafla. Mhoja hakujua kama ni furaha au ni pumzi.

Jumamosi wauguzi wa figo walimsema Fadhila mbele ya wagonjwa wenzake kama mtoto mtoro. Hakuwaambia sindano ilikwenda wapi. Wiki ya pili damu yake ilishuka, akaacha sare za watu hazijashonwa, akalazwa. Alitakiwa ndugu wa kuchangia chupa ya damu ili naye apatiwe. Mhoja alikwenda. Alipolala pale akifumba na kufumbua ngumi, alijaribu kuhesabu: damu yake inakwenda kwa mtu asiyemjua, ya mtu asiyemjua inakwenda kwa Fadhila, dawa ya Fadhila imekwenda takani, na mtoto huenda ana dawa, huenda ana maji. Akaacha kuhesabu.

Mtoto alilia siku ya sita. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, cha kukwaruza, na mama mmoja jirani alidhani ni paka dirishani. Sabina alicheka mpaka mshono ukamuuma. Siku ya kumi na mbili waliruhusiwa, wakampa mtoto jina la Kisukuma, Kabula, kwa mvua aliyozaliwa nayo.

*

Mwaka ukaisha na miezi ikaongezeka. Kabula alichelewa kukaza shingo, akaikaza. Alichelewa kukaa, akakaa. Mkono wake wa kushoto ulipenda kujikunja ngumi, na kila jioni Sabina alimnyoosha kidole kimoja kimoja, kama alivyofundishwa kliniki, Mhoja akiushika mkono wa kulia usije ukafanya kazi yote. Justa alisema ni majani aliyomwogeshea. Wanakwaya wa Sabina walisema ni maombi. Jirani mmoja alisema mkono ule uliharibiwa na sindano za utafiti, na mwingine kwamba bila sindano hizo mtoto asingekuwapo. Wote walisema kwa hakika. Fadhila peke yake hakusema lolote; alimshonea gauni lenye mkono wa kushoto mpana, liwe rahisi kuvalika.

Kliniki ya miezi kumi na minne walimpa Kabula vikombe avipange. Alipanga vitatu kwa mkono wa kulia, cha nne akakisukuma kwa ngumi ya kushoto, kikaanguka, akakitazama kwa hasira. Daktari Iqbal aliandika. Alisema atatembea, huenda kwa kuchechemea kidogo, na akili yake inaonekana nzuri. Mhoja akauliza kama orodha imefunguliwa. Bado. Idadi ya watoto wa utafiti ilikuwa haijatimia. Ikifunguliwa ataambiwa. Na hata akiambiwa, daktari alisema, mtoto mmoja hawezi kutoa jibu. Jibu liko kwa wote wakijumlishwa. Mhoja alilikubali hilo kama mtu anavyokubali hali ya hewa.

Walipotoka, Sabina alikwenda dirisha la dawa. Mhoja akabaki kwenye benchi la ukumbini, Kabula mapajani. Pembeni yake aliketi kijana aliyejitambulisha kwa jina la Jonathan, mvuvi kutoka upande wa visiwani, shati limegeuzwa ndani nje bila yeye kujua. Mkononi alikuwa na kurasa saba zilizobanwa pamoja. Mwanawe wa kiume alizaliwa asubuhi hiyo, hakulia. Alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza mara nne.

Akamtazama Kabula, kadi yake ya kliniki, na ngumi yake.

"Kaka, na wewe ulipewa hizi?"

"Nilipewa."

"Ukasaini?"

"Nilisaini."

"Ilisaidia?"

Mhoja alifungua mdomo. Alimwona kijana anavyomtazama, kama mtu aliye majini anavyoutazama mtumbwi, na akajua kwamba neno lolote atakalosema, ndiyo au hapana, kijana atalishika na kusaini au kuchana karatasi papo hapo.

"Sijui," alisema. "Si kwamba nakuficha. Mpaka leo sijui."

Jonathan akainamisha kichwa.

"Mama yake yu macho?" aliuliza Mhoja.

"Yu macho. Yuko wadi ya juu. Sikutaka kumsumbua, ana maumivu."

"Wamekupa mpaka saa ngapi?"

"Saa nane."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Mhoja akainuka, akamhamishia Kabula bega la kulia.

"Twende tukamsomee," alisema. "Polepole, kurasa zote. Mtoto ni wake pia."

Wakapanda ngazi.